Kivuli cha Mzee Thaddée

Maiti ya Mzee Thaddée ilionekana Jumapili, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ila nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya maji. Ziwa lilipopanda lilimeza safu nzima ya nyumba za kando, na ya Mzee ilibaki kuta nne bila paa, matete yameota pale palipokuwa sebule. Mvuvi mmoja, Dieudonné, alikuwa anarudi nchi kavu na mtumbwi wake alipoona kitu cha bluu kimenasa dirishani. Alidhani ni wavu wa mtu. Akakivuta, akaona mkono.

Saa kumi na mbili na nusu Apolline alikuwa amefika na kamera yake. Ana miaka arobaini na mitatu na studio ndogo mtaani Songo, na kazi yake ni ile ya wapiga picha wote wa mji wa Uvira: picha za kadi, ubatizo, mahari, harusi, mazishi. Palipotokea kifo chenye maswali, Ndayiragije, afisa wa upelelezi ambaye watu wote humwita OPJ, alimwita aje kupiga picha za ushahidi. Siku nyingine alizipiga, akaenda zake kunywa chai. Leo mikono ilikataa. Huyu aliyelazwa juu ya mawe ndiye aliyemfundisha kazi, miaka ishirini na miwili iliyopita.

"Pole, Mama Apolline," OPJ alisema. "Kama hauwezi, niite mwengine."

"Mwengine ni nani? Acha nifanye."

Mzee alikuwa na msemo wake, na aliurudia mpaka wanafunzi wakamwigiza wakicheka: "Mbele ya kuangalia muntu, angalia mwanga inatokea wapi." Apolline aliangalia mwanga kwanza. Kisha akaangalia jeraha nyuma ya kichwa, viatu vyote viwili miguuni, na sweta la sufu la bluu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Sweta lile alilijua. Mzee alilivaa alfajiri tu, alipokaa kwenye mawe kupiga picha yake ya kila siku: kuta zile zile, dirisha lile lile, jua likianza kuligusa. Tangu nyumba izame hakuruka hata siku moja. Ikifika saa moja joto linaanza, naye hulivua.

Alipiga picha kumi na nne. Alipomaliza alikaa chini akalia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Hatua thelathini kutoka pale kilikuwepo chumba alichopanga Mzee baada ya nyumba kuzama. Mlango ulikuwa wazi. OPJ alimkalisha Frédéric, mwana pekee wa marehemu, kwenye kigoda. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne. Alikulia ng'ambo, Bujumbura, kwa shangazi yake, tangu alipokuwa na miaka minne na mama yake akafariki. Alikuwa amerudi kwa baba yake wiki tatu tu zilizopita. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulimuona mara ya mwisho saa ngapi?" OPJ aliuliza.

"Jana mangaribi, saa kumi na moja na nusu. Tulikuwa tunaikala pale ku majiwe, tunaongea. Nikamuacha, nikaenda kuimba ku répétition ya chorale. Bantu makumi mbili baliniona kule mpaka saa tatu. Nikalala kwa mwenzangu mumoja wa chorale."

"Na mucana yote, alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala. Alisema amechoka."

OPJ alimgeukia mvuvi. "Na weye, Dieudonné? Bantu bote banajua muligombana na Papa Thaddée, ulikuwa unafunga mutumbu ku dirisha yake."

"Chef, kugombana tuligombana, lakini jana mangaribi tulikuwa bantu sita ku mutumbu, tunatengeneza taa. Uliza benzangu." Wenzake watano waliitikia kwa pamoja. "Ila tukifika hapa, saa kumi na mbili hivi, tuliona Manzi, ule wa maziwa. Alikuwa anagonga ku mulango ya Papa na kuita kwa nguvu. Na wiki ingine Papa alimuambia mbele ya bantu kama maziwa yake iko na maji ya muto."

Kizingitini, chupa ya maziwa ilikuwa bado imejaa, na pembeni yake nyama imefungwa kwenye jani la mgomba.

OPJ alihesabu kwa vidole. Saa kumi na moja na nusu Mzee yuko hai. Saa kumi na mbili Manzi yuko mlangoni, amepaza sauti. Asubuhi Mzee ni maiti. Saa mbili asubuhi Manzi alikuwa ameshafungiwa kwenye kasho ya kituo.

Kabla ya kuondoka Apolline aliiona kamera ya Mzee ikining'inia kwenye msumari wake. Aliiwasha. Picha ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Ya Jumamosi haikuwepo. Aliizima akairudisha, na kitu kikaanza kumkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Kazi haimngoji mwenye huzuni. Saa tatu alikuwa kanisani, akipiga picha watoto wanne wa ubatizo, akiwachekesha kwa kutikisa funguo. Saa tano alifungua studio. Palikuwa na foleni ya picha za kadi, na mama mmoja aliyetaka apunguziwe mashavu.

"Mashavu ni yako, mama. Minye ni mwanga tu njo ninaweza kukutilia."

Walicheka wote, na Apolline alicheka nao. Kisha akageuka kuchukua karatasi kwenye rafu, akakutana na bahasha aliyoiandika kwa mkono wake: Papa Thaddée, lundi, yaani Jumatatu.

Mzee aliileta wiki mbili zilizopita. Ndani mlikuwa na filamu moja ya zamani, ina madoa ya maji na inanuka ziwa. Mikono ya Mzee siku hiyo ilikuwa imejaa mikwaruzo. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyepakata mtoto. Uso wa mtoto maji yalikuwa yameula wote, ila wa mwanamke ulikuwa unaokoleka, kwa subira. Apolline aliuliza ni nani. Mzee alicheka tu, akasema: "Tengeneza polepole. Wiki mbili ikipita, lundi nitakuya kuitosha hapa. Ni ya kumupa muntu." Alhamisi kazi ilikuwa imekwisha. Sasa mwenyewe hatakuja. Apolline aliisukuma bahasha nyuma ya rafu, asiione.

Saa sita aliingia Akaliza. Jana yake Apolline alimpiga picha mia tatu, bibi harusi wa kule Nyakabere, nje ya mji, amepambwa kuanzia kichwani mpaka vidoleni. Leo alivaa kitenge cha nyumbani na uso umevimba. Manzi ni kaka yake.

"Mama Apolline, weye ulikuwa na shiye siku muzima. Uliona kaka yangu. Iko muntu wa kuua ule?"

"Hapana, mwanangu."

"Bantu bamejaa inje ya kituo, bamebeba majiwe. Kesho asubui OPJ atamutosha inje kumupeleka ku parquet, kushitakiwa. Kama anatoka pale, batamuua mu barabara. Batamuua, Mama!"

"Nilimuona mpaka saa tisa, njo akasema anashuka Uvira. Na banasema Papa alikufa ku saa kumi na mbili."

"Alishuka juu ya kumuletea Papa Thaddée sehemu yake ya karamu! Alisema Papa hakufika, asilale bila kukula nyama ya harusi. Aligonga, hakuna mwenye kuitika. Njo akaita kwa nguvu. Papa masikio yalikuwa yamechoka, unajua."

Apolline alijua. Alijua na jambo jingine, lililomchoma zaidi. Jumamosi yeye aliondoka Uvira saa kumi alfajiri, akaanza kupiga picha Nyakabere saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, kwa taa, bibi harusi akisukwa. Mzee alikuwa ameahidi kumfuata. "Nitakuya na moto saa mbili, nikishamaliza foto yangu," alisema, akimaanisha pikipiki. Hakuja. Apolline alimpigia simu saa mbili na nusu, na saa nne tena. Haikupokelewa. Akajiambia kwamba mzee amezeeka, amesahau, akaendelea na kazi yake. Hakumtuma hata mtu mmoja kwenda kumtazama. Hilo hatajisamehe.

Saa saba Frédéric alifika studio. Kwa desturi ya Uvira, jeneza haliendi kaburini bila picha kubwa ya marehemu juu yake, na jina lake na miaka yake chini. Kuiagiza ni kazi ya mwana.

"Mama, nataka foto ya sanduku. Niko na moja tu, ya mwisho. Nimeshakutumia ku WhatsApp."

Picha ikifika kwa njia ile haibebi tena saa yake, na Apolline hakujisumbua kuitafuta. Aliifungua kwenye kompyuta. Mzee Thaddée alikuwa amekaa kwenye mawe, kamera mapajani, ameelekea ziwani, sweta la bluu mwilini. Anacheka mpaka jino lililong'oka linaonekana. Mwanga wa dhahabu umemjaa usoni. Nyuma yake milima inang'aa, unaweza kuhesabu mashamba ya mihogo. Kivuli chake, kirefu na chembamba, kimelala kwenye mawe nyuma ya mgongo wake.

"Ni muzuri sana," Apolline alisema. Ilikuwa kweli. "Uliipiga saa ngapi?"

"Si nilisema? Jana, saa kumi na moja na nusu. Jua ilikuwa inaanguka mu ziwa. Unaona ile mwanga ya mangaribi? Kule kwetu Buja bantu banatoka mu kazi banakwenda ku ziwa ju ya ile mwanga tu."

 Apolline aliitazama picha, kwanza mwanga, halafu mtu.

"Kuya saa kumi na moja na robo pale ku majiwe," alisema mwishowe. "Na weye nitakupiga pale pale alikuwa anaikala. Nitaweka zote mbili pamoja mu cadre moja ya kutundika."

Frédéric alimshukuru. Mlango ulipofungwa Apolline alichukua tarakilishi yake ndogo yenye picha za harusi, akaenda kituoni, akipita katikati ya vijana wenye mawe.

"Chef, leta Manzi ku ziwa, saa kumi na moja na robo. Umuvalishe pingu kama unataka. Kama ninakosea, unifunge na minye."

OPJ alimwangalia. Miaka kumi na miwili ya kazi pamoja, hakuwahi kumsikia akiomba kitu.

"Nitamupitisha mulango ya nyuma," alisema.

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni walikuwa wote kando ya ziwa: OPJ na askari wawili, Manzi na pingu zake, Akaliza, Dieudonné na wenzake. Frédéric alipomwona Manzi alisita.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Ikala, mwanangu," Apolline alisema. "Pale pale. Uso ku ziwa, kama Papa."

Alikaa. Saa kumi na moja na nusu kamili Apolline alimpiga picha moja, akaifungua kwenye tarakilishi, akaiweka kando ya picha ya Mzee, akamwita OPJ.

"Chef, angalia hii ya leo. Jua iko wapi?"

OPJ aliinua kichwa. Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya milima, kama linavyofanya Uvira kila siku wakati Bujumbura ng'ambo bado kunawaka. Kwenye picha ya leo uso wa Frédéric ulikuwa wa kijivu, milima nyuma yake myeusi tii, na juu ya mawe hapakuwa na kivuli hata cha mkono.

"Sasa angalia hii ya Papa. Mwanga inatokea ku ziwa. Inamupiga mu uso, inapiga na milima. Kivuli inalala nyuma, upande ya milima. Hapa kwetu jua inatokea ku ziwa saa ngapi?"

Dieudonné ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Asubui."

"Asubui. Bantu ba Buja njo banaona jua inaanguka upande ya ziwa. Huyu mutoto alikomelea kule. Aliwaza mwanga ya dhahabu ku ziwa ni ya mangaribi, na kila muntu atawaza vile." Aligusa lile sweta la bluu kwenye picha. "Papa alikuwa amevaa sweta yake ya asubui wakati anapigwa foto, na alikufa nayo. Mu kamera yake foto ya samedi, ya jana, haiko, na hakurukaka siku. Nilimuita ku simu saa mbili na nusu, hakuitika. Alikuwa amekufa, Chef. Alikufa samedi asubui, saa kumi na mbili ikishapita. Na saa hiyo Manzi alikuwa wapi?"

Alifungua picha za harusi. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Manzi ameshika taa. Saa kumi na mbili na nusu, Manzi na mbuzi. Saa moja, Manzi anamrekebishia dada yake ushungi, ulimi umetoka nje kwa umakini. Akaliza aliingiwa na kicheko, kikageuka kilio.

OPJ alimfungua Manzi pingu. Kisha akamwendea Frédéric, ambaye hakuwa amenyanyuka pale kwenye mawe.

"Tuambie."

Frédéric alikuwa anaitazama picha ya baba yake.

"Minye sikumbuki uso ya mama yangu," alisema. "Mwanaume muzima, na sijui mama yangu alifanana namna gani. Baba yangu alikuwa mupiga foto! Alipiga mama ya kila muntu. Nilikuya hapa juu ya kitu kimoja tu, foto ya mama. Siku ya kwanza ananiambia: ilibakia mu nyumba, mu maji. Nikauliza, ulitosha nini, wakati maji inaingia? Ananionesha. Sanduku kumi na ine! Harusi ya bantu, batoto ba bantu. Ya mama yangu aliacha."

"Ilikuwa kazi," Apolline alisema. "Ilikuwa vitu vya bantu, mwanangu."

"Njo vile na yeye alisema. Samedi asubui nilimusindikiza hapa. Alikuwa na furaha, nikamupiga ile foto. Nikawaza, leo atanijibu muzuri. Nikamuambia, Papa, tuingie mu maji, tutafute, minye ninajua kuogelea. Akacheka. Akasema, ngoja lundi." Aliinua uso. "Ngoja lundi! Kama unaambia mutoto mwenye kulilia bonbon. Minye nilingoja miaka makumi tatu. Nikamusukuma. Mara moja tu. Kichwa ikapiga ku ukuta ya nyumba yake, akaingia mu maji pale ndani. Nilikuwa ninaweza kumutosha mu maji. Nilisimama. Nilisimama tu, mpaka maji ikatulia. Kisha nikarudisha kamera yake ku musumari."

 Apolline alisikia maneno yale mawili yakimzunguka kichwani, ngoja lundi. Mikwaruzo mikononi mwa Mzee. Filamu inayonuka ziwa. Mzee wa miaka sitini na saba aliingia majini peke yake, akapapasa kuta zile kwa vidole mpaka akakipata alichokiacha.

"Chef," alisema, "mbele ya kumupeleka, tupite kwangu. Dakika tano."

Studio ilikuwa kama alivyoiacha. Alitoa bahasha nyuma ya rafu, akamsomesha Frédéric maandishi yaliyo juu, kisha akamtolea picha. OPJ aliiwasha taa yeye mwenyewe.

Frédéric aliipokea kwa mikono miwili yenye pingu. Mwanamke alikuwa na paji la uso la Frédéric, na masikio yake, na ule mdomo wa kuchelewa kufunga. Mtoto mapajani hakuwa na sura, doa jeupe tu lenye miguu minene. Aliigusa ile miguu.

"Alitaka kukupa kesho," Apolline alisema. "Aliitafuta mu maji. Minye njo nilichelewa kumupelekea."

Frédéric hakulia kwa sauti. Alikunja mgongo polepole mpaka paji la uso likagusa picha, akabaki hivyo, na OPJ akatoka nje akasimama barabarani na kofia mkononi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Walisema kweli, na haisaidii kitu.

Jumatatu Mzee Thaddée alizikwa. Manzi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na vijana wale wa mawe walijipanga nyuma yake kwa aibu, wakiimba. Usiku mzima uliotangulia Apolline alikuwa amepekua studio na yale masanduku kumi na manne akitafuta picha nyingine ya mwalimu wake. Hakuipata. Mganga hajigangi. Mtu aliyepiga picha mji mzima hakuwahi kupigwa.

Kwa hiyo juu ya jeneza ilikaa ile ile moja. Watu walioipita walisimama kidogo, wakasema Mzee ametoka vizuri, tazama anavyocheka. Apolline alijua kwamba anamchekea mwanawe anayempiga picha, na kwamba anawaza Jumatatu.